Mistari nyuma ya kitabu: wino unabadilika, daftari linabaki la zamani

Leo naomba ruhusa niache mihogo na kahawa pembeni. Najua mtu wa kilimo akiandika hapa mnangojea mbegu na mbolea. Lakini kuko jambo moja limenikaa kooni tangu mwaka jana, na linahusu vitabu.

Tulikuwa watu 4 wa promosheni moja. Tuliandika kijitabu cha Kiswahili, kurasa 48, juu ya mnyauko wa migomba: namna ya kuutambua, namna ya kutoa ua dume kwa kijiti cha panda badala ya panga, kusafisha vyombo kwa moto ao kwa maji ya Javel, kung'oa shina lenye ugonjwa. Kijana aliyetupangia kurasa kwenye kompyuta alifanya kazi nzuri. Mwishoni akatia nyuma ya jalada ile mistari myeusi yenye namba chini. Aliitoa wapi? Aliinakili kwenye kitabu kingine kilichokuwa mezani pake. Nilipomuuliza, akajibu: “Kitabu yenye haina mistari, watu hawaone kama ni kitabu ya kweli.” Tukacheka, tukalipa, tukachapa nakala 300.

Kisha papa mmoja anayefanya kazi na vikundi vya wakulima akapenda kijitabu, akataka nakala 200. Mbele ya kuomba pesa kwa wakubwa wake, mtu wa biro yake aliandika ile namba kwenye kompyuta ili ahakikishe. Ikatokea kitabu cha watoto cha kupaka rangi, cha huko Ulaya. Papa akanipigia simu: “Mutoto wangu, mulitaka kuniuzishia nini?” Nilieleza, nikaomba msamaha, lakini komande ilikufa. Na mnyauko haukutungojea tusahihishe jalada.

Njo hapo nilianza kusoma juu ya hii kodibare (Watanzania wanaandika msimbo pau). Nilifikiri nitakuta kosa letu ni la watu wa mji mdogo wasio na habari. Sivyo. Nimekuta kwamba hata wachapishaji wakubwa wa dunia, kila mara kanuni za kodibare zilipobadilika, baadhi yao walifanya kosa la ukoo mmoja na letu: walishughulika na mistari, wakasahau daftari. Maana mistari yenyewe haisemi kitu. Inabeba namba tu. Jina la kitabu, mwandishi, bei, vyote viko kwenye daftari la duka, la ghala, la maktaba. Namba ikikosa daftari nyuma yake, ni pambo. Ikiwa na daftari la mtu mwingine, ni uongo.

Tuanzie mwanzo, sitakawia.

Namba ya vitabu ni mkubwa kuliko kodibare. Miaka ya 1960 kampuni ya Uingereza inayouza vitabu, W.H. Smith, ilitaka kuingiza kompyuta ghalani. Gordon Foster, profesa wa Dublin, akatengeneza mpango wa namba ya tarakimu 9. Mwaka 1970 mpango huo ukawa kanuni ya kimataifa, ISBN, ya tarakimu 10. Ilikuwa namba ya watu wa vitabu peke yao, waliitengeneza kwa shida yao wenyewe.

Kodibare ilitoka upande mwingine kabisa, upande wa chakula. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio huko Marekani, mashini ya kasha ilisoma bidhaa ya kwanza: pakiti ya chingamu ya Wrigley's. Wamarekani walitumia tarakimu 12, wakaiita UPC. Mwaka 1977 Wazungu wa Ulaya wakaunda chama chao, EAN, chenye tarakimu 13, na tarakimu za mbele zikionyesha chama cha nchi gani kilitoa namba.

Sasa angalia shida ya mchapishaji. Ana namba yake ya tarakimu 10, mwenye duka ana mashini ya tarakimu 13. Nani amfuate mwenzake? Suluhisho walilopata nalisifu mbele ya kulaumu chochote: walivipa vitabu nchi. Nchi isiyo na udongo, inaitwa Bookland, na namba yake ni 978. Unatia 978 mbele, unaondoa tarakimu ya mwisho ya zamani, unapiga hesabu ya tarakimu mpya ya mwisho, basi: kitabu kinapita kwenye mashini ileile inayosoma sabuni, na ISBN yake iko bado ndani, mzima.

Hiyo tarakimu ya mwisho inafaa kueleweka, kwa sababu watu wengi wanaikosea. Ni tarakimu ya ukaguzi. Chukua ISBN ya zamani 0-306-40615-2. Ukitia 978 mbele haiwi 978-0-306-40615-2. Zidisha tarakimu 12 za kwanza kwa 1, 3, 1, 3 hivyo hivyo, jumlisha: utapata 93. Ili kufika 100 inabaki 7. Kwa hiyo namba ni 978-0-306-40615-7. Mwenye kubandika 978 mbele bila kupiga hesabu ametengeneza namba ambayo mashini itaikataa. Hesabu hii ni ya darasa la sita ya primeri, lakini njo mlinzi wa mlango.

Marekani hawakuingia Bookland kwa moyo mmoja. Vitabu vyao vya bei nafuu, vile vidogo vya jalada laini, vilikuwa vinauzwa kwenye maduka ya chakula na ya dawa, ambayo yalitaka UPC. Kwa hiyo kwa miaka mingi kitabu kimoja kilibeba kodi mbili: UPC nyuma ya jalada, na ya Bookland ndani ya jalada la mbele. Na ile UPC ilibeba nini? Namba ya mchapishaji na bei. Kitabu chenyewe kilitambulishwa kwenye kanyongeza ka tarakimu 5 pembeni. Duka lisilosoma kanyongeza lilijua kwamba limeuza kitabu cha kampuni fulani cha bei fulani, halikujua ni kitabu gani.

Hapa ninalaumu. Mchapishaji alikubali kodi inayomjua mwenye kasha na isiyomjua mwandishi. Ni sawa na mukulima anayepeleka kahawa ku depo, wanaandika kilo na bei, hawaandiki jina lake wala kilima chake. Pesa ya leo anapata. Lakini kesho mnunuzi akisema “ile kahawa ya juzi ilikuwa tamu, nataka tena”, hakuna wa kumwonyesha. Riwaya iliyopendwa ingeuzwa bila mtu kuona kwamba njo ile. Wachapishaji waliita hiyo kuzoea soko. Mimi naiita kuzoea haraka mno.

Kisha mambo mawili yakasukuma kwa pamoja. Namba za tarakimu 10 zilianza kupunguka katika makundi fulani, na biashara ya dunia ilichoka na Marekani kuwa na tarakimu 12 wakati wengine wana 13. Maduka ya Marekani na Kanada yakaambiwa: ikifika tarehe 1 Januari 2005, mashini zenu zisome tarakimu 13. Tena tarehe 1 Januari 2007 ISBN yenyewe ikawa ya tarakimu 13. Katikati ya tarehe hizo wachapishaji wengi waliandika namba zote mbili, ya 10 na ya 13, kwenye ukurasa wa haki za kitabu.

Jambo linalonifurahisha ni hili: kwa kitabu ambacho tayari kilikuwa na kodi ya Bookland, mistari haikubadilika hata mmoja. Kitabu kilichokuwa ghalani tangu 1995 kiliingia 2007 na mistari ileile. Hakukuwa lazima kubandika karatasi. Kilichobadilika ni madaftari: fomu za komande, programu za ghala, makontra, karatasi za maktaba, kila kisanduku kilichotengenezwa kwa tarakimu 10. Wenye akili walielewa kwamba kazi iko kule, wakaanza mapema, wakasafisha daftari mpaka chini.

Wengine walitafuta njia ya mkato, na mkato wenyewe ulionekana mzuri. Walisema: namba zote zinaanza na 978, basi ndani ya kompyuta yetu tubakize tarakimu 10 kama zamani. Namba ikija, tutaondoa 978, ikitoka, tutairudisha. Hakuna mtu wa nje atakayejua.

Sisi wa kilimo tunaijua hii dawa. Jani la muhindi limekuwa manjano kwa kukosa azoti, wewe unalipaka rangi ya kijani. Mgeni akipita njiani anasema shamba ni zuri. Siku ya kuvuna njo utajua.

Siku ya kuvuna ilikuja na 979. Tangu mwanzo wa mpango wa tarakimu 13 ilijulikana kwamba 978 itajaa na 979 itafunguliwa. Haikuwa siri. Ufaransa walipata 979-10, Italia 979-12, Marekani 979-8. Na kitabu cha 979 hakina namba ya tarakimu 10. Hakina kabisa, huwezi kuitengeneza, kwa sababu ukiondoa 979 zile tarakimu zinazobaki zinaweza kuwa za kitabu kingine cha 978. Kwa hiyo daftari la mkato likikutana na kitabu cha 979 linafanya moja kati ya mawili: linakikataa, ao linakiita kwa jina la kitabu kingine. Hilo la pili ni lilelile lililotupata na migomba yetu, tofauti ni kwamba sisi tulikosa ujuzi, wao walikuwa na ujuzi na walikuwa na miaka.

Sisemi kila anayetumia tarakimu 10 ni mvivu. Amazon kwa mfano ilijenga namba zake za ndani za vitabu juu ya ISBN ya tarakimu 10, na kwa kitabu kisicho nayo inatoa namba yake nyingine. Hiyo ni nyumba iliyoacha mlango wa pili wazi. Lawama yangu ni kwa aliyejenga nyumba ya mlango mmoja huku akiambiwa kwamba wageni watafika kwa njia mbili.

Sasa tuko mbele ya badiliko lingine. GS1, chama cha dunia kilichozaliwa kutoka kwa wale wa EAN na wale wa Marekani, kimeweka lengo kwamba mwisho wa 2027 makasha ya maduka yaweze kusoma kodi za miraba, kama QR, pamoja na mistari ya zamani. Sikilizeni vizuri, kwa sababu nimeona watu wanaandika kwamba mistari itakatazwa. Hapana. Mistari inaendelea, kinachoombwa ni mashini zisome zote mbili.

Kwa nini wanataka miraba? Kwa sababu inabeba zaidi ya namba ya bidhaa: namba ya toleo la kiwanda, tarehe ya kuharibika, na inaweza kuandikwa kwa umbo la anwani ya intaneti ili telefone ya mnunuzi iifungue. Kwa maziwa na dawa faida ni wazi. Ningependa kuiona hata kwenye mifuko ya mbegu, maana mfuko wenye namba ya loti na tarehe ungetuokoa na mbegu nyingi zilizokufa.

Kwa kitabu? Kitabu hakiharibiki kama maziwa. Ndiyo, mchapishaji anaweza kutambua chapa ya kwanza na ya pili, ao kufuata nakala za wizi. Lakini naona hatari moja ambayo wapenda-mapya hawaisemi: kitabu kinaishi kuliko anwani ya intaneti. Kwenye rafu za maktaba ya fakilte tuko na vitabu vya miaka ya 1970 na bado tunavisoma. Kodi ya miraba inayotuma msomaji kwenye ukurasa wa mchapishaji inamlazimisha huyo mchapishaji kulipa na kutunza ukurasa ule miaka 30, 40. Nani atafanya hivyo? Yule aliyeshindwa kusafisha kisanduku cha tarakimu 10 kwa miaka yote hiyo? Hapo unabii ni rahisi: mwenye daftari safi ataongeza miraba bila kelele, na mwenye daftari chafu atachapa QR nzuri yenye logo katikati, inayofungua ukurasa mtupu.

Mtu ataniambia: ndugu, haya ni mambo ya Marekani na Ulaya. Huku kwetu kitabu kinauzwa mkono kwa mkono, nyuma ya misa, mlangoni pa fakilte, kwenye meza ya barabarani. Hakuna mashini ya kusoma chochote. Nakubali nusu. Kijitabu kinachouzwa mkono kwa mkono hakihitaji kodibare. Hata ISBN, wengi wameishi bila hiyo. Lakini vitabu vyetu havikai kwenye meza. Angalieni rafu zenu: kitabu cha Kiswahili kutoka Nairobi kina 9966 nyuma ya 978, cha Dar es Salaam kina 9976 ao 9987, na cha mwandishi wetu aliyechapwa Paris kina 2, ambayo ni kundi la lugha ya Kifaransa. Kitabu kinasafiri, na mtu wa mbali anayekitafuta hana njia nyingine ya kututambua. Papa wetu hakuwa na mashini ya kasha. Alikuwa na kompyuta ya biro tu, na ilitosha kutuangusha.

Kwa hiyo kwa wenzangu wanaotayarisha kijitabu, riwaya, ao wanaotaka kugeuza memwari kuwa kitabu, nasema niliyojifunza kwa kulipa.

Kwanza, jalada tupu ni bora kuliko mistari ya kuazima. Kama hamna namba, andikeni vizuri majina ya waandishi, mji, mwaka na telefone. Hiyo ni daftari ndogo, lakini ni ya kweli.

Pili, ISBN inaombwa kwenye ofisi ya ISBN inayohusika na nchi yako, ao inatolewa na mchapishaji wako. Katika nchi zingine ni bure, kwa mfano Kanada. Katika zingine inauzwa, kwa mfano Marekani. Ukishapata ISBN ya tarakimu 13, usimlipe mtu akuuzie kodibare mbali. Namba ileile njo kodibare; inabaki kuchorwa tu na programu.

Tatu, kila umbo lina namba yake. Jalada gumu moja, jalada laini nyingine, kitabu cha telefone nyingine. Anayetumia moja kwa vyote anaanza tena hadithi ya daftari chafu.

Nne, mwambieni mpanga kurasa asichezee rangi. Mashini nyingi zinatumia taa nyekundu, kwa hiyo mistari myekundu kwao ni kama karatasi tupu. Myeusi juu ya nyeupe, na isipunguzwe chini ya asilimia 80 ya ukubwa wake wa kawaida, ambao ni karibu milimita 37 kwa 26.

Tano, na hii njo ya maana zaidi: siku mnayopata namba, kuweni na faili moja yenye jina, waandishi, mwaka, bei, umbo, na mtu wa kuitunza hata mkiisha kuoana na kuhamia miji mingine. Kanuni zitabadilika tena. Mwenye faili hiyo atabadilisha jalada kwa siku moja.

Sisi tulifanya nini? Tulikaa Jumamosi mbili tukabandika karatasi nyeupe juu ya mistari ya nakala zilizobaki, moja moja, kwa gundi. Juu ya karatasi tuliandika majina yetu, mwaka, na namba ya telefone. Haivutii. Kijana wa kompyuta alipoona akasema tumeharibu jalada lake, na kwa macho ana haki.

Lakini juma lililopita mama mmoja mkulima ambaye sijamwona hata siku moja alinipigia kwenye ile namba. Mgomba wake unatoa maji ya manjano ukikatwa, alitaka kujua kama akate mmoja ao shamba zima. Nilimjibu, kisha nikamwomba anisomee mwaka ulioandikwa nyuma, nijue ana chapa gani. Akausoma.